Uwanja Uliojaa na Cheo cha Chuo: Tarikhi ya Michezo kwenye Ufuo wa Rumonge

Kila nyumba ya elimu iliyopata kuunda timu, ikaivika jezi na kuipeleka mbele ya macho ya watu, hutaka mambo mawili: kwanza, uwanja wake ujae watazamaji siku ya mchezo; na pili, jina lake lipande katika orodha ya wenzake, lisikae mkiani pamoja na majina ya wanyonge. Tangu zamani wakuu wa michezo wamekuwa wakihojiana lipi kati ya hayo mawili ni mzazi na lipi ni mtoto. Wako wasemao kwamba ushindi ndio uletao watu, maana nani ataacha shughuli zake akaitazame timu ifungwayo kila wiki? Na wako wasemao kwamba watu ndio waletao ushindi, maana mchezaji achezaye mbele ya viti vitupu hupungukiwa na ghera, na timu isiyoshangiliwa haina wa kuionea haya inaposhindwa. Ufuo wa Burundi, kuanzia Bujumbura kushuka kusini kupitia Rumonge hata Nyanza-Lac, haujapata kuwa na chuo chenye idara kubwa ya michezo ya namna ijulikanayo Marekani. Lakini una tarikhi yake yenyewe ya shule, mipira na umati wa watazamaji, na tarikhi hiyo ikisomwa kwa utulivu hutoa jawabu lililo bora kuliko mabishano hayo.

Yafaa tuanzie ng'ambo, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikofanywa kazi yenye ofisi na mishahara. Mwezi wa Agosti 1852 vijana wa vyuo viwili vya Marekani, Harvard na Yale, walishindana kupiga makasia katika ziwa liitwalo Winnipesaukee, katika jimbo la New Hampshire, na mashindano hayo ndiyo yahesabiwayo kuwa ya kwanza ya chuo na chuo katika nchi ile. Aliyegharimia safari na malazi ya vijana wale hakuwa mkuu wa chuo wala mpenzi wa makasia: ilikuwa kampuni ya reli, iliyotaka kuuza tiketi za garimoshi kwa watu watakaokwenda kutazama. Baadaye vyuo vikajipanga katika jumuia za michezo, mojawapo ikiwa ile iliyoundwa mwaka 1896 na vyuo vya magharibi ya kati, ambayo siku hizi huitwa Big Ten. Na baada ya vijana wengi kufa viwanjani mwaka 1905 katika mpira wa Kimarekani, Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa vyuo kushauriana nao, na mwaka uliofuata kikazaliwa chombo cha kusimamia michezo ya vyuo, kijulikanacho leo kwa jina la NCAA. Tangu hapo kila chuo kikubwa kikawa na idara yake ya michezo, yenye mkurugenzi, wahasibu, wauza tiketi na wapiga tarumbeta, ambayo haiulizwi neno jingine mwisho wa mwaka ila hili: watu wangapi walikuja, na timu imemaliza ya ngapi?

Katika vyuo hivyo vyote hakuna mfano unaostahili kuangaliwa kuliko Chuo Kikuu cha Nebraska, katika mji wa Lincoln. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1923, na tangu Novemba 1962 tiketi za kila mchezo wa mpira wa Kimarekani unaochezwa nyumbani zimekuwa zikiuzwa zote. Na ajabu yenyewe ni kwamba hata katika miaka ya karibuni, ambamo timu imemaliza misimu kadhaa ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi, tiketi hazikuacha kwisha. Wenyeji wa jimbo lile husema kwamba siku ya mchezo uwanja huo huwa ndio mji wa tatu kwa ukubwa katika Nebraska nzima. Msomaji aliweke jina la chuo hicho akilini, maana tutakutana nalo tena kwa njia ya Mrundi mmoja.

Sasa na turudi ziwani. Mji wa Rumonge umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, yapata kilomita sabini na ushei kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ifuatayo ufuo kupitia Gitaza na Minago. Nyuma yake vilima vya Bururi hupanda ghafla, na katika ukanda mwembamba ulio kati ya vilima na maji imestawi michikichi isiyohesabika, ambayo imeufanya mji huu ujulikane Burundi nzima kwa mawese. Watu wake ni wa namna nyingi: Warundi wa vilimani walioteremka kutafuta kazi, wavuvi wenye jamaa zao Uvira na Kigoma, na Waswahili wa mji ambao nasaba zao zinafuata njia ya zamani ya biashara iliyotoka Bagamoyo na Tabora hata Ujiji, kisha ikapanda ufuo kwa mitumbwi. Hapa Kiswahili si lugha ya kuazima kwa ajili ya sokoni; ni lugha ya nyumba, ya msikiti na ya ufuoni, na mtoto huichanganya na Kirundi katika sentensi moja pasipo kujua kwamba amevuka mpaka.

Elimu ya Kurani ilifika huku pamoja na misafara hiyo, na katika miaka ya 1880 nguvu za Muhammad bin Khalfan, tajiri wa Ujiji aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, zilitanda katika sehemu kubwa ya fukwe za kaskazini mwa ziwa. Elimu ya Kizungu nayo ilijaribu kuingia Rumonge mapema mno, kabla haijaingia mahali pengine popote katika nchi ya Burundi, lakini mwanzo wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walijenga kituo hapa, wakakusanya watoto kuwafundisha. Na tarehe 4 Mei 1881 padri Deniaud, padri Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa katika ugomvi na wenyeji. Kituo kikaachwa, na mapadri hawakuweka makao ya kudumu nchini ila mwishoni mwa karne, huko Muyaga na Mugera, mbali na ziwa. Kwa hiyo shule ya kwanza ya Kizungu ya Rumonge iliishi miaka miwili tu, na mji ukangoja muda mrefu kabla ya kupata nyingine. Nao ujana wa mji haukukaa bure katika muda huo, bali uliendelea kushindana kwa makasia, kwa kuogelea na kwa ngoma, michezo ambayo haikuhitaji mwalimu wala kengele.

Mpira wa miguu ulifika Afrika ya Mashariki kwa mlango wa shule. Huko Unguja, chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, kilichokuwa mali ya misheni ya Waingereza ya UMCA, kiliwafundisha vijana wengi waliokombolewa utumwani kusoma, kuhesabu na kupiga mpira, na vijana hao walipopelekwa bara kuwa walimu walikwenda na mchezo wao. Hii ndiyo sababu, katika miji mingi ya pwani, watazamaji wa kwanza wa kandanda walikuwa wazazi, majirani na wapita njia waliosimama kando ya kiwanja cha shule kustaajabia mavazi mafupi ya watoto wao. Hawakuitwa kwa tangazo wala hawakutozwa kiingilio, na hawakujua kwamba wanahesabiwa katika tarikhi ya jambo kubwa.

Burundi haikuupokea mchezo huo kwa Mwingereza. Wajerumani walijenga boma Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, katika miaka ya 1890, Wabelgiji wakalitwaa mwaka 1916, na kuanzia 1925 nchi ya Ruanda-Urundi ikaunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji, hata desturi za Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, zikawa kielelezo cha Usumbura katika mambo mengi, michezo ikiwa mojawapo. Na huko Léopoldville palikuwa na mtu ambaye, kama cheo cha mkurugenzi wa michezo ya shule kingalijulikana wakati ule katika Afrika yetu, yeye ndiye angalistahili kuwa wa kwanza kukivaa: padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watoto wa mji walimwita Tata Raphaël. Alifika Kongo mwaka 1917, na miaka miwili baadaye akaanzisha chama cha michezo cha Wakongo. Alijenga shule na viwanja kwa mkono mmoja, maana kwake vilikuwa kazi moja: mtoto aliyefundishwa asubuhi alicheza jioni, na watu wa mtaa wake walikuja kumwona, wakavutwa zaidi na matarumbeta, maskauti na maonyesho ya viungo yaliyotangulia mpira. Kutoka viwanja vya vumbi alifika kwenye uwanja wa Malkia Astrid mwaka 1937, na kutoka hapo kwenye uwanja mkubwa wa Mfalme Baudouin mwaka 1952, uliokuwa na nafasi ya makumi ya maelfu ya watu. Ni katika uwanja huo wa pili ambamo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, miaka kumi na minane baada ya padri huyo kufariki. Na leo unaitwa kwa jina lake.

Jambo la kuzingatia katika kazi ya Tata Raphaël ni mpangilio wake. Hakujenga uwanja mkubwa kisha akatafuta watu wa kuujaza. Alikaa na watoto wa shule miaka zaidi ya thelathini, na wale waliokuwa watoto wakakua, wakawa makarani, mafundi na mama wa nyumba, wakaleta watoto wao wenyewe, hata ikawa lazima uwanja upanuliwe kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuwako. Serikali ya kikoloni ilikuwa na shabaha zake katika jambo hili, maana iliona ni heri vijana wakusanyike kushangilia mabao kuliko wakusanyike kudai haki. Walakini, umati ukishazoea kukutana hauulizi tena ruhusa ya kufikiri, na mwezi wa Januari 1959 ghasia zilizotikisa utawala wa Kibelgiji pale Léopoldville zilikutana na watu waliokuwa wakitoka kutazama mpira katika uwanja uo huo.

Upande wa Ruanda-Urundi, shule iliyokuwa na sifa kuliko zote ilikuwa Groupe Scolaire ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo kutoka Ubelgiji, ambayo ilifundisha makarani, waganga wasaidizi na mabwana shamba kutoka nchi zote mbili. Hapo alisoma Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye baadaye alijenga siasa yake kwa kukaa na watu wa kila tabaka, wakiwamo Waswahili wa Usumbura na wa ufuoni, akashinda uchaguzi wa Septemba 1961, akauawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Uwanja mkubwa wa Bujumbura ulichukua jina lake kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1950 Wajesuti nao walijenga chuo cha Saint-Esprit juu ya kilima cha Kiriri, mahali pa kulitazama ziwa, na majengo hayo baadaye yakawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Burundi, ambacho mwanzo wake kama chuo rasmi cha taifa ulikuwa mwaka 1964.

Kijana wa Rumonge aliyebahatika kufika katika nyumba hizo alirudi likizoni akiwa na kanuni za mchezo kichwani, viatu vya mpira begani na maneno ya Kifaransa ya refa mdomoni, na ufuo ukawa darasa lake. Lakini mwalimu atakaye kuwakusanya watazamaji Rumonge hukutana na sharti ambalo Astrida haikulijua wala Nebraska hailijui: katika mji huu saa ya watu haipangwi na kalenda ya ukutani, hupangwa na mwezi. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, hutoka jioni katika vyombo vilivyofungwa pamoja kwa miti, viwili viwili au vitatu, wavu mpana ukining'inia kati yao chini ya maji. Giza likishika huwasha taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi taa za betri, na ndagala huja kuizunguka nuru kwa wingi usiosemeka. Ndipo wavu hupandishwa kwa kamba, polepole, kila mmoja akitazama mkono wa mwenziwe ili upande mmoja usitangulie. Alfajiri vyombo hurudi, samaki hugawanywa kwa mabeseni, wanawake huwaanika juu ya mchanga na juu ya vichanja, na wanaume hulala, maana usiku ule hawakulala. Yeyote atakayepiga filimbi ya kuanza mchezo katika majira hayo atawakuta wachuuzi na watoto, lakini wenye sauti kubwa za mji wote watakuwa usingizini, au wamekwisha kuteremka tena ufuoni kutengeneza nyavu.

Mwezi unapokuwa mpevu mambo hugeuka. Nuru ya mbinguni huzishinda taa za wavuvi, ndagala hawakusanyiki, na kwa siku kadhaa vyombo huvutwa juu ya mchanga vikapumzishwa. Hizo ndizo siku ambazo mji una wanaume wenye nafasi, nyavu huanikwa na kushonwa, madeni hulipwa, posa hupelekwa, na jioni huwa ndefu. Ukiongeza juu ya hayo kwamba Ijumaa adhuhuri ni ya msikiti, Jumapili asubuhi ni ya kanisa, na mwezi wa Ramadhani una taratibu zake, utaona kwamba elimu ya kujaza uwanja katika mji huu ni elimu ya kuwajua watu wake kwanza. Idara ya michezo ya chuo cha Marekani huajiri mabingwa wapime nyendo za wakazi ili wapange saa ya mchezo. Mzee wa Rumonge hutoka nje usiku akatazama juu, akajua.

Kuna mwaka mmoja ambao hauwezi kurukwa katika maelezo haya, ingawa kuutaja ni kuzito. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa mahali yalikoanzia, na watu wengi wakauawa, wengi wao Watutsi. Kisasi cha serikali kilichofuata kiliangamiza Wahutu ambao hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu, na kwa makusudi kiliwatafuta waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa Chuo Kikuu, wengine wakitolewa madarasani kwa orodha. Waliosalimika katika ufuo huu walivuka kwa miguu na kwa mitumbwi kwenda Tanzania, ambako walipewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi wao walizeeka huko, na mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo. Walioamua kurudi walikuta mashamba yao ya michikichi yamekwisha kukaliwa na wengine, na mashauri ya ardhi ya Rumonge yakawa miongoni mwa yaliyokuwa mazito kupita yote nchini. Atakayeuliza kwa nini michezo ya shule kusini mwa Burundi haikukua kwa mfululizo kama ilivyokua kwingineko, jawabu lake limo humo: mwalimu aliyeunda timu hakuwapo tena, aliyekuwa nahodha yuko kambini ng'ambo ya mpaka, na watazamaji waliokuwa wakisimama mstari mmoja wa chaki walikuwa wametenganishwa na hofu. Katika mwaka kama ule hakuna swali la msimamo wa ligi.

Hata hivyo nchi hii ilitoa wanariadha ambao dunia iliwatazama, nao waliunganisha vilima vya kusini na vyuo vya mbali. Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wa mita 800 na 1,500, alikwenda Marekani akasoma na kukimbia kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Nebraska, kile kile chenye uwanja usiopata kubaki na tiketi. Kwa hiyo Mrundi mmoja alipata kuiona kwa macho yake ile hali ya mji kuhamia uwanjani, na kukivalia chuo jezi katika jumuia ambayo kila alama ya mwanariadha iliandikwa katika hesabu ya chuo chake. Lakini michezo ya Olimpiki ya 1988 na ya 1992 ilimpita, kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki iliyotambuliwa. Nchi ilipokubaliwa hatimaye kwenda Atlanta mwaka 1996, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika vilima vya Makamba, upande wetu huu wa kusini, alimwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, mbio aliyokuwa akiogopwa nayo duniani, naye akaingia katika mita 5,000 ambazo alikuwa hajazizoea. Akashinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96, akaileta medali ya kwanza ya dhahabu ya Burundi, katika wakati ambao nchi ilikuwa vitani. Hakuna idara ya michezo iliyopanga tendo lile, na hakuna matangazo ambayo yangaliweza kuwakusanya Warundi wa pande zote mbili mbele ya redio moja kama lilivyowakusanya.

Chuo Kikuu cha Burundi chenyewe kilikuwa na taasisi ya elimu ya viungo na michezo, na kutoka humo alifuzu, mwaka 1990, kijana wa Ngozi aliyeitwa Pierre Nkurunziza. Alifundisha shuleni, kisha akafundisha chuoni hapo hapo, huku akiinoa klabu ya Muzinga ya Bujumbura; na mwaka 1995, baada ya wanafunzi Wahutu kuuawa katika kampasi, akaingia msituni pamoja na waasi. Alipokuwa rais mwaka 2005, mwalimu wa michezo hakufa ndani yake. Aliunda timu yake ya Hallelujah, iliyosafiri pamoja na kwaya, akaanzisha vituo vya vijana vya Le Messager, na viwanja vikajengwa mikoani, pengine kwa kazi za pamoja za siku ya Jumamosi ambazo wananchi walitakiwa kuzifanya. Utawala wake una hukumu zake, na machafuko ya mwaka 2015 alipotaka muhula wa tatu ni sehemu ya hukumu hizo. Lakini katika tarikhi ya watazamaji lazima isemwe kwamba yeye alikuwa rais aliyeifahamu hesabu ya viti kwa sababu aliisomea.

Matokeo ya viwanja hivyo yalionekana katika msimamo wa ligi. Kwa miaka mingi mpira wa Burundi ulikuwa mali ya Bujumbura. Vital'O, timu ya zambarau na nyeupe, ndiyo iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992 ikashindwa na Africa Sports ya Abidjan, na ndiyo iliyolitwaa Kombe la Kagame mwaka 2013. Baadaye ubingwa wa Primus Ligue, ligi kuu ya nchi, ukaanza kupanda milima: Le Messager ikaupeleka Ngozi, Aigle Noir ikautwaa kwa ajili ya Makamba mwaka 2019, Flambeau du Centre ikauweka Gitega, na Bumamuru ikaufikisha Cibitoke. Katika mwaka huo wa 2019 timu ya taifa, Intamba mu Rugamba, ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Misri. Ikafungwa michezo yote mitatu bila kupata bao, na walakini watu hawakuacha kujivika rangi za bendera.

Rumonge nao ukapata sehemu yake. Mwezi wa Machi 2015 mji ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya uliokatwa kutoka Bururi na Bujumbura vijijini. Na mwezi uliofuata machafuko yakaanza, watu kwa maelfu wakakimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania chini ya milima, ambako meli kuukuu ya Liemba iliwachukua kuwapeleka Kigoma. Utulivu uliporudi, timu iliyochukua jina la mji, Rumonge City, ilipanda hata ligi kuu, na wakubwa wa Bujumbura wakalazimika kuifuata barabara ya ufuoni ili kucheza ugenini mbele ya wavuvi na wakamuaji wa mawese. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na mji wa Rumonge ukaingizwa katika mkoa wa Burunga pamoja na Bururi, Makamba na Rutana. Basi mji ukapoteza cheo cha utawala ulichokipata miaka kumi kabla. Cheo cha uwanjani hakiondolewi kwa sheria, na pengine ndiyo sababu watu hukipenda zaidi.

Tukiyakusanya haya yote, jawabu la swali la mwanzo linajitokeza bila kulazimishwa. Kiungani na Léopoldville zinatuonyesha kwamba mtazamaji huzalishwa shuleni miaka mingi kabla ya tiketi kuchapwa. Nebraska inatuonyesha kwamba mtazamaji aliyelelewa hivyo haiachi timu inapoanguka. Na mwaka 1972 unatuonyesha kwamba shule zikivunjwa, uwanja nao huvunjika, hata kama nyasi zake zimesalia. Watu hutangulia, cheo hufuata. Na watu wenyewe hawaji kwa sababu ya kupigiwa ngoma siku moja, huja kwa sababu timu ni ya watoto wao.

Kwa hiyo, enyi wazee wa Rumonge, walimu wakuu wa sekondari za ufuoni kutoka Magara hata Nyanza-Lac, na ninyi mlioshika hazina ya klabu: msikimbilie kununua mchezaji kutoka mbali ili mpande ngazi mbili za ligi kwa msimu mmoja, kisha mshuke naye aondokapo. Undeni kwanza mashindano ya shule yasiyokatika, mwaka baada ya mwaka, yenye kombe dogo na kumbukumbu iliyoandikwa ya majina na mabao, ili mjukuu apate kumsoma babu yake. Yapangeni katika juma la mwezi mpevu, vyombo vikiwa mchangani, baba na mama wapate kuja. Wasichana wapewe kiwanja sawa na wavulana, na kiingilio cha mtoto kisizidi bei ya kipande cha muhogo. Fanyeni hivyo miaka kumi, na msimamo wa ligi utajitunza wenyewe.